Mji Mkongwe unavuja, na wenye nyumba tuko mbali

Ukishuka asubuhi katika kituo cha treni cha Dubai Airport Free Zone, kwenye njia ya kijani ya metro ya Dubai, utakutana na umati wa wafanyakazi wa kila taifa, na ni nadra kupita hapo bila ya kusikia Kiswahili. Wapo Wakenya, Watanzania, Waganda na Wakongo. Wapo pia raia wa nchi za Ghuba ambao wazee wao walizaliwa Unguja na Pemba, na ambao hadi leo huamkiana kwa Kiswahili majumbani mwao.

Eneo hilo huru la biashara, lililo ubavuni mwa uwanja wa ndege, lilianzishwa mwaka 1996. Majengo yake ya vioo yamepigwa na jua kali na vumbi la jangwani kwa miaka mingi, lakini bado yanang'ara. Wengi husema sababu ni fedha. Sisi tunadhani fedha ni nusu tu ya jibu. Nusu ya pili ni kwamba kila jengo lina mwenyewe anayejulikana. Kuna mtu ambaye kazi yake ni kusafisha vioo, kuna anayekagua mabomba, na taa ikizimika kuna ofisi moja ya kupigiwa simu.

Wakati wa mapumziko ya mchana simu hutolewa mifukoni na picha za nyumbani hutazamwa. Kwa watu wa Zanzibar, picha hizo mara nyingi si za kufurahisha: ukuta uliomeguka uchochoroni, kifusi kilichoachwa mahali palipokuwa na nyumba, maji machafu yaliyotapakaa mbele ya baraza. Anayetazama hutikisa kichwa, husema "mji umeharibika", kisha hurudi kazini.

Makala haya yanahusu kile kinachofuata baada ya kutikisa kichwa. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Tangu wakati huo wageni wameongezeka kiasi kwamba mwaka 2023 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya laki 6. Hata hivyo, wakazi wa mji wenyewe wanalalamika kuwa unazidi kuchakaa. Je, lawama ni ya nani, na sisi tulio nje tumo au hatumo?

Krismasi ya mwaka 2020

Hakuna siku iliyowashitua watu wa Zanzibar kuhusu hali ya mji wao kama tarehe 25 Disemba 2020. Siku hiyo sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash bin Said mwaka 1883, iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa. Mafundi wawili walipoteza maisha. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba jumba hilo liliporomoka wakati likiwa katika matengenezo, yaliyokuwa yakigharimiwa na serikali ya Oman.

Ikumbukwe kuwa jumba hilo lilikuwa limekwishatoa onyo. Mwaka 2012 sehemu yake moja ilianguka. Mwaka 2014 shirika la World Monuments Fund liliingiza Beit al-Ajaib pamoja na jumba la kifalme lililo jirani katika orodha yake ya majengo yanayohitaji kuangaliwa kwa haraka. Kwa maneno mengine, miaka 8 ilipita baina ya ufa wa kwanza na msiba wa mwisho. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe ulikuwa wa jumba lililotia Zanzibar katika ramani ya dunia.

Jumba hilo lilikuwa la kwanza mjini kuwa na umeme, na lilikuwa na lifti wakati ambapo watu wengi wa Afrika Mashariki hawajawahi kusikia neno hilo. Lilinusurika hata mashambulizi ya manowari za Uingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyodumu chini ya saa moja. Kilicholishinda ni maji ya mvua, chumvi ya bahari na miaka mingi ya kusubiri.

Lakini Beit al-Ajaib ilipoanguka dunia nzima iliona. Nyumba ya kawaida ya Kiponda, Malindi au Mkunazini ikianguka, hujua jirani tu.

Malalamiko ya wakazi

Malalamiko ya watu wa Mji Mkongwe yanafanana mtaa kwa mtaa, na yeyote aliyekaa barazani jioni ameyasikia. La kwanza ni paa. Mvua za masika zikianza, ndoo na masufuria hupangwa vyumbani kukinga maji, na wenye watoto huhamisha vitanda usiku. La pili ni maji machafu. Makaro na mabomba yaliyowekwa kwa ajili ya familia moja sasa yanahudumia familia nne au tano, na penginepo nyumba ya wageni yenye vyoo kumi. La tatu ni taka, ambazo katika vichochoro visivyopitika kwa gari hutegemea mtu na mkokoteni wake. Asipokuja siku mbili, mtaa mzima unajua.

Aidha, kuna nyaya za umeme zinazoning'inia kama kamba za kuanikia nguo, pikipiki zinazopita kwa kasi pahala palipojengwa kwa ajili ya watu wa miguu na punda, na kuta zilizoegemezwa magogo ili zisianguke, magogo ambayo yamekaa hadi nayo yameanza kuoza.

Na kuna lalamiko moja ambalo husemwa kwa sauti ya chini. Wakazi wanaona nyumba iliyokuwa ikivuja kwa miaka 20 ikitengenezwa kwa miezi michache mara tu inapogeuzwa hoteli. Chokaa hupatikana, mafundi hupatikana, kibali hupatikana. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini mwenyeji anapoona kwamba ili nyumba ipone ni lazima yeye ahame kwenda Fuoni au Tomondo, ana haki ya kuuliza ni nani hasa anayeponeshwa.

Inafaa kusema pia kuwa si kila kitu kimeharibika. Bustani ya Forodhani ilitengenezwa upya na taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa mwaka 2009. Mradi wa huduma za miji uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 2011 ulijenga upya ukuta wa bahari wa Mizingani. Mtu anayepita ufukweni jioni ataona mji mzuri. Tatizo liko hatua 200 ndani, katika vichochoro ambako hakuna wa kupiga picha.

Nyumba huanza kufa juu

Ili kuelewa kwa nini mji huu unachakaa kwa kasi, ni lazima kuelewa umejengwa kwa nini. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, na unene wake hufikia nusu mita na zaidi. Juu ya kuta hizo hulazwa boriti za mikoko, na juu ya boriti hupangwa mawe na chokaa kuwa sakafu ya ghorofa inayofuata. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba. Ndiyo maana vyumba vingi vya Mji Mkongwe, na vya Lamu na Mombasa pia, ni virefu lakini upana wake hauzidi sana mita 3.

Jengo la namna hii linaweza kuishi mamia ya miaka, kwa sharti moja: likae kavu. Jiwe la matumbawe hunyonya maji. Bati likitoboka au mlizamu ukiziba majani, maji huteremka ndani ya ukuta badala ya kutoka nje. Hapo kwanza hulainika chokaa, kisha huoza ncha ya boriti iliyofichwa ndani ya ukuta, mahali ambapo jicho halioni. Mchwa humalizia kazi. Kwa nje nyumba huonekana nzima mpaka siku sakafu inapoteremka.

Kosa jingine ni saruji. Mwenye nyumba anayetaka kutengeneza kwa haraka hupiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa zamani, akidhani ameuimarisha. Chokaa hupumua, saruji haipumui. Unyevu uliomo ndani hukosa pa kutokea, chumvi hujikusanya, na baada ya miaka michache plasta hubanduka ikiwa imeng'oa na jiwe. Ongeza simtanki la maji juu ya paa, vyoo vipya kwenye ghorofa ambayo haikujengwa kubeba maji, na vyumba vilivyogawanywa kwa kuta za matofali, utaona kwamba nyumba imebebeshwa mzigo ambao mjenzi wake hakuukusudia.

Kinachotia uchungu ni kwamba tiba ya mwanzo ni rahisi. Kusafisha milizamu kabla ya masika na kubadilisha mabati machache ni kazi ya fundi mmoja kwa siku chache. Kusimamisha upya ukuta wa ghorofa tatu ni kazi ya miezi na fedha ambayo familia nyingi hazina. Baina ya tiba hizo mbili kuna kitu kimoja tu, nacho ni mtu wa kuamua leo badala ya mwakani.

Mwenye nyumba ni nani?

Na hapa ndipo penye fundo. Kisheria nyumba za Mji Mkongwe zina wamiliki wa aina tatu: serikali, Wakfu, na watu binafsi.

Nyumba za serikali nyingi ni zile zilizotaifishwa baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964. Wenyewe wengi walikuwa wameondoka, na nyumba zilizokuwa za familia moja ziligaiwa kwa familia kadhaa, wengi wao wakiwa watu waliotoka mashamba na Ng'ambo ambao hawakuwahi kupewa nafasi ya kukaa mjini. Kodi iliwekwa ndogo ili wanyonge waweze kuimudu, jambo ambalo lilikuwa la haki. Lakini kodi hiyo haikutosha hata kununulia mabati, na mpangaji hakuona sababu ya kutengeneza paa la nyumba isiyokuwa yake. Uchunguzi uliofanywa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulihesabu majengo zaidi ya 1,700 na kukuta kwamba takriban robo tatu yalikuwa katika hali mbaya au yakiendelea kuharibika.

Nyumba za Wakfu zina hadithi inayofanana. Aliyeweka wakfu alitaka nyumba iwanufaishe masikini au msikiti mpaka mwisho wa dunia. Katika fikihi, matengenezo ya mali ya wakfu ndiyo hutangulizwa kabla ya mapato yake kugawiwa, kwani wakfu ukianguka na sadaka imekatika. Lakini kodi inapokuwa ndogo mno, hakuna cha kutanguliza wala cha kugawa.

Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, ikapewa sheria yake mwaka 1994 na sheria nyingine mwaka 2010. Mamlaka hiyo ndiyo inayotoa vibali vya ujenzi na kusimamia sheria za uhifadhi. Wakazi hulalamika kwamba anayetaka kubadilisha dirisha lake huambiwa asubiri, huku jengo kubwa la mwekezaji likiinuka mbele ya macho yao. Mfano unaotajwa zaidi ni hoteli iliyojengwa katika eneo la Mambo Msiige, Shangani, na kufunguliwa mwaka 2015, ambayo ilileta mvutano mrefu na Kamati ya Urithi wa Dunia. Sheria ambayo watu wanaiona inawabana wadogo peke yao huacha kuheshimiwa hata pale inapokuwa na haki.

Aina ya tatu, yaani nyumba za watu binafsi, ndiyo inayotuhusu sisi zaidi. Chukua mfano wa nyumba moja ya ghorofa mbili iliyoachwa na babu. Babu alikuwa na watoto 7. Watoto wana watoto wao. Leo warithi ni 31: wengine wako Muscat, wengine Dubai na Abu Dhabi, wengine London, wengine Dar es Salaam, na wawili tu wako Unguja. Mirathi haijagawanywa. Hakuna anayeweza kuuza, kwani zinatakiwa saini za wote. Hakuna anayetaka kutengeneza, kwani atatumia fedha yake kuinua thamani ya mafungu ya wenzake. Chini anakaa shangazi mzee, au mpangaji ambaye amechoka kupiga simu. Juu bati limetoboka.

Nyumba kama hiyo haina adui. Wote wanaipenda. Katika harusi na misiba husimuliwa mlango wake wa nakshi na kisima chake. Lakini mapenzi ya watu 31 hayajaziba tundu moja la bati.

Boriti zetu ziko Dubai

Turudi kidogo huku tuliko. Kutoka kituo cha Dubai Airport Free Zone, treni hiyo hiyo ya njia ya kijani hupita Deira, ikazama chini ya Khor, na kutokea upande wa Bur Dubai. Ukishuka Al Ghubaiba na kutembea ukingoni mwa maji utafika mtaa wa Al Fahidi, ambao wazee wa hapa bado wanauita Bastakiya. Ni mtaa wa vichochoro vyembamba, kuta za mawe ya baharini, na minara ya kukamata upepo. Mswahili akiingia humo hujihisi yuko kwao, na hilo si bure. Inua macho utazame dari. Zile boriti ni mikoko, na mikoko ya namna hiyo ililetwa Ghuba na majahazi kutoka Rufiji, Lamu na pwani yote ya Afrika Mashariki. Majahazi yalishuka na kaskazi yakiwa na tende na samaki wa chumvi, yakarudi na kusi yakiwa na boriti.

Mtaa huo nao ulikaribia kutoweka. Baada ya mafuta kupatikana, wenyewe walihamia nyumba mpya zenye viyoyozi, na zile za zamani zikawa maghala na malazi ya vibarua. Katika miaka ya 1980 karibu nusu ya mtaa ilibomolewa. Nusu iliyobaki ilikuwa njiani kufuata, lakini mwaka 1989 msanifu majengo wa Kiingereza, Rayner Otter, aliyekuwa akiishi humo, alianzisha kampeni ya kuunusuru. Mwaka huo huo Prince Charles wa Uingereza aliutembelea mtaa huo na kuusifu, na ubomoaji ukasitishwa. Matengenezo makubwa yakafuata, na leo mtaa unapendeza.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo mgeni haligundui mara moja. Ukikaa hapo mpaka usiku, utaona kwamba mikahawa ikifungwa mtaa unabaki kimya. Hakuna harufu ya chakula cha usiku, hakuna mtoto anayeitwa na mama yake kutoka dirishani. Nyumba zimeokolewa lakini wakazi hawakurudi. Kwa hiyo Dubai inatufundisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba mji wa mawe unaweza kurudishwa kutoka ukingoni mwa kaburi, na kwamba ukichelewa sana utakachookoa ni kuta peke yake. Mji Mkongwe bado una watu. Bado una madrasa, vibanda vya kahawa na mabaraza yanayokaliwa jioni. Hilo ndilo ambalo fedha haiwezi kulinunua upya.

Wengine wamefanyaje?

Tatizo la kitovu cha mji kuachwa kichakae si la Zanzibar peke yake. Nchini Ireland, taifa tajiri la Ulaya, watu wa miji midogo wamekuwa wakilalamika kwa miaka kuhusu maduka yaliyofungwa, madirisha yaliyopigiwa mbao na nyumba zilizotelekezwa katikati ya mji wakati vijana wanakosa pa kuishi. Nchi hiyo ilitunga sheria mwaka 1990 ya kumtoza mwenye jengo lililotelekezwa, na mwaka 2020 tozo ilipandishwa hadi asilimia 7 ya thamani ya jengo kwa mwaka. Kisha kuanzia mwaka 2022 ikaanzishwa ruzuku kwa anayetengeneza nyumba iliyokaa tupu ili aikae, ambayo mwaka 2023 iliongezwa hadi euro 50,000, na euro 70,000 kwa iliyoharibika kabisa. Lawama kubwa iliyotolewa ni kwamba halmashauri nyingi hazikuikusanya tozo hiyo ipasavyo. Fimbo iliyotundikwa ukutani haimtishi mtu.

Kuhusu heshima ya UNESCO, ni vyema kukumbusha kuwa si ya milele. Mwaka 2007 hifadhi ya choroa nchini Oman ilikuwa ya kwanza duniani kufutwa katika orodha ya urithi, baada ya eneo lake kupunguzwa kwa asilimia 90. Dresden ya Ujerumani ilifuata mwaka 2009 na Liverpool ya Uingereza mwaka 2021. Mji Mkongwe nao umewahi kuonywa na Kamati ya Urithi wa Dunia kuhusu majengo yanayoharibika na ujenzi usiofuata taratibu. Mji ukifutwa katika orodha, wa kwanza kuumia hatakuwa mwenye hoteli, ambaye anaweza kuhamia ufukwe mwingine. Atakuwa muuza kahawa, mtembeza wageni na fundi milango.

Tunaweza kufanya nini sisi wa nje?

Serikali ina wajibu wake na hatumpunguzii mtu mzigo. Wakazi wana haki ya kudai mifereji izibuliwe, taka zizolewe, vibali vya matengenezo madogo vitoke kwa haraka, na sheria ya uhifadhi imguse mkubwa kama inavyomgusa mdogo. Wapangaji wa nyumba za serikali na Wakfu wana haki ya kujua kodi yao inakwenda wapi, na pengine wengi wangekubali kulipa zaidi kidogo kama wangeona inapanda juu ya paa lao.

Lakini sisi wenye mafungu katika nyumba hizo hatuwezi kuendelea kuituhumu serikali kwa ufa ulio katika ukuta wa babu yetu. Yako mambo ambayo familia yoyote inaweza kuyafanya mwaka huu bila ya kusubiri mfadhili.

La kwanza ni kuchagua mtu mmoja. Warithi wote wamwandikie hati ya uwakala ndugu mmoja aliyeko Unguja, apewe uwezo wa kuita fundi, kuomba kibali na kukusanya kodi, na atoe hesabu kwa maandishi. Mali bila daftari huisha bila habari.

La pili ni kukamilisha mirathi. Si lazima nyumba iuzwe. Wanaotaka kutoka wanunuliwe mafungu yao na wanaotaka kubaki, ili wenyewe wawe wachache wanaojulikana. Kila kizazi kinachopita, mafungu huongezeka na saini huzidi kuwa ngumu kupatikana.

La tatu ni mchango wa paa. Mtu anayelipa simu na chai kila siku hapa Dubai hashindwi kutoa dirham chache kwa mwezi. Watu 31 wakitoa kidogo kidogo, milizamu itasafishwa kila mwaka kabla ya masika na mabati yatabadilishwa kabla ya boriti kuoza.

La nne ni kutumia chokaa na mafundi wanaoijua. Mafundi hao wanapungua, na njia pekee ya kuwafanya wafundishe vijana ni kuwapa kazi.

La mwisho ni kumkumbuka anayekaa ndani. Yule shangazi au mpangaji ndiye anayejua mahali ambapo maji yanaingia. Akipiga simu, apokelewe.

Wapenzi wasomaji, kesho asubuhi mtu atapanda juu kusafisha vioo vya majengo ya eneo huru la uwanja wa ndege, ingawa jana pia vilisafishwa. Hakuna atakayemshangilia wala kumpiga picha, na majengo yatazidi kung'ara. Huku kwetu masika hayako mbali. Kabla ya kutikisa kichwa tena mbele ya picha iliyotumwa kutoka nyumbani, tupige simu moja tuulize: ni nani atapanda juu ya paa letu mwaka huu?